Watoto wa awali wanaimba vizuri, lakini hawathubutu kubuni

Mwalimu wa awali, Morogoro
Habari za kazi, walimu wenzangu. Nafundisha darasa la awali lenye watoto 46, ambao huimba kwa furaha wimbo wowote ninaowafundisha, lakini nikiwaambia wabuni wa kwao hunikodolea macho tu. Juzi nilimwita mmoja mbele ya wenzake apige ngoma apendavyo. Aliinamisha kichwa, akaanza kulia. Nahofu kwamba nimewazoesha mno kuniiga. Nianzie wapi, na shule ina ngoma moja tu?

Mwalimu mstaafu
Pole, mwanangu. Usimwite mtoto mbele, wala usimdai wimbo mzima. Waketi duara, upige makofi manne, kisha uache nafasi ya mapigo manne ambayo mtoto ataijaza apendavyo, iwe kwa kofi, kwa kupiga paja au kwa mlio wa mdomo, na darasa zima liurudie mdundo wake kabla zamu haijahamia kwa anayefuata. Kule kurudiwa ndiko kunakomtia moyo, kwa sababu safari hii yeye ndiye anayeigwa. Asiye tayari na anyamaze mapigo yake manne, asisukumwe. Manyanga mtayatengeneza kwa makopo. Waache wachague wenyewe kati ya mchanga, mahindi na kokoto, maana mtoto anayetikisa kopo, akalimwaga na kulijaza upya hadi mlio umridhishe, ameshaanza kutunga.

Mpiga marimba, Dodoma
Naongeza jambo moja kuhusu sauti. Mtunzi Mjerumani Carl Orff alitaka vibao vya fa na ti, yaani sauti ya nne na ya saba katika zile saba za do, re, mi, viondolewe kwenye zilofoni (ala ya vibao vya kugongwa) ya mtoto anayejaribu kubuni, abakiwe na sauti tano ambazo hazigombani hata zikipigwa kwa kubahatisha. Huku Ugogoni nyimbo zetu nyingi zina sauti tano, kwa hiyo jambo hilo si geni kwetu. Chupa tano za soda zilizotiwa maji kwa vimo tofauti zinatosha, ila uzilinganishe wewe mwenyewe kwanza kwa sikio.

Mwalimu wa awali, Morogoro
Shikamoo, mwalimu, na asanteni nyote. Leo tumekaa duara. Yule aliyelia alinyamaza zamu mbili. Ya tatu alikwaruza sakafu kwa kijiti, mara nne, taratibu, na wenzake wote wakakwaruza kwa kucha kumfuata. Waliokuwa mwisho walichoka kusubiri, kwa hiyo kesho nitawagawa mafungu matatu.