Mama kapangiwa upasuaji wa goti, nataka daktari wa pili amwone kwanza. Naombeni ushauri

Mwana wa Busokelo

Wakuu, habari za jioni. Nipo Uyole, Mbeya, na mama yangu yuko kwangu tangu wiki iliyopita, analala chumba cha watoto. Ana miaka 64. Maisha yake yote amelima chai na ndizi huko Tukuyu, na shamba lenyewe ni mteremko mtupu: kushuka na mkungu kichwani, kupanda na ndoo. Goti la kulia lilianza kumsumbua miaka 4 iliyopita. Alianza na dawa za kuchua, zikaja diklofenaki, zile dawa za maumivu, za duka la dawa, sasa anatembea na fimbo, na usiku namsikia anavyojigeuza kitandani.

Juzi nilimpeleka kwa daktari wa mifupa. Tulifika saa 12 asubuhi, tukaingia saa 7 mchana, ndani tulikaa kama dakika 7. Daktari akaweka eksirei kwenye taa, akamwuliza mama anaumia wapi, mama akashika goti. Akasema goti limesagika, dawa yake ni kuliweka la bandia, tukapange tarehe. Mama akaitikia "sawa baba". Tulipofika nje kwenye benchi akaninong'oneza: "Kwa hiyo mguu wanaukata?"

Wakuu, swali hilo limeninyima usingizi. Mama alikuwa tayari kusaini akiamini anakatwa mguu, na alikubali kwa sababu daktari kasema. Na mimi mwanawe nilikaa pembeni yake kimya, sikuuliza kitu.

Upasuaji ni baada ya wiki 3. Siukatai. Nataka daktari mwingine amwangalie kwanza. Lakini naogopa yule wa mwanzo ataona tumemdharau, na tukirudi kwake atatupokeaje? Kaka yangu aliyeko Dar anasema nachelewesha matibabu. Shangazi naye anataka tumpeleke kwa mzee mmoja anayeunga mifupa. Mama ana sukari na presha. Picha ninayo, nimeishika dirishani mara nyingi, ninachoona ni mifupa tu iliyokaribiana upande wa ndani wa goti. Mwenye uzoefu anisaidie.

Nesi Makambako

Pole sana mwanangu, na umpe mama pole. Nimestaafu, ila wodi ya mifupa nimeihudumia miaka mingi, kwa hiyo niseme ninachokijua.

Kwanza, usiende kwa daktari wa pili kwa kujificha. Rudi kwa yule yule, msalimie, mwambie hivi: "Daktari, tunashukuru kwa huduma. Kabla mama hajasaini, familia tungependa daktari mwingine naye amwone. Tunaomba picha na barua ya maelezo ya ugonjwa." Basi, usiongeze maneno. Daktari anayejiamini huandika barua hiyo bila kinyongo, wengine hata hukutajia mwenzao wa kumwona. Miaka yote ya kazi yangu nimeona mabingwa wakiitana wenyewe kitandani kwa mgonjwa, "hebu njoo uangalie na wewe". Kama wao wanaulizana, mwenye mguu atakatazwaje kuuliza?

Pili, beba vitu. Eksirei yenyewe au sidii yake, maana ya kupiga kwa simu dirishani huficha mengi. Majibu ya damu. Pakiti za dawa zote anazomeza, na zile za duka pia, na kama anatumia miti shamba taja. Diklofenaki kwa mtu wa presha na sukari si ya kununua kiholela, inaumiza figo na tumbo. Hilo lianze leo, ulizia mbadala.

Tatu, kabla ya kuondoka Uyole kaa na mama umweleze kwamba mguu haukatwi. Wanachofanya ni kupunguza sehemu za mfupa zilizosagika na kuvika chuma na plastiki ngumu mahali pake. Mweleze kwa Kinyakyusa, taratibu, halafu umwombe na yeye akuelezee alivyoelewa.

Fizio wa Mwanjelwa

Mkuu, naomba unijibu maswali machache kabla sijasema lolote.

Mama anaweza kuinama akavaa soksi mguu wa kulia? Kucha za mguu huo anakata mwenyewe? Akipanda daladala anaumia kwenye goti tu au na kinena pia? Na hiyo eksirei ilipigwa akiwa amesimama au amelala?

Mwana wa Busokelo

Asante Nesi, nimeyaandika maneno yako kwenye daftari.

Fizio, nimemwuliza sasa hivi. Picha ilipigwa amelala. Soksi anavalishwa. Kucha humkata mwanangu wa darasa la 4, na mimi siku zote nilidhani ni mjukuu anamdekeza bibi. Kinena anasema "kinavuta" ila hakukisema kwa daktari kwa sababu aliulizwa habari za goti. Na ni aibu kidogo kumshikia daktari kijana sehemu hiyo.

Fizio wa Mwanjelwa

Hapo ndipo nilipokuwa na wasiwasi. Mimi ni mtu wa mazoezi ya viungo, si daktari, na mama sijamgusa, lakini majibu hayo yananielekeza kwenye nyonga. Mshipa wa fahamu unaopeleka matawi kwenye nyonga hupeleka na kwenye goti. Ndiyo maana nyonga ikisagika mtu anaweza kushika goti na kuapa kwamba maumivu yako hapo hapo. Mtu anayeumwa goti peke yake kwa kawaida soksi anavaa, hata kama kwa shida. Asiyefikia kabisa vidole vyake, nyonga yake inatakiwa kuchunguzwa.

Daktari wa pili akimlaza mama chali, akakunja mguu na kuuzungusha taratibu kwenda ndani na nje, mengi yatajulikana kwenye zoezi hilo la nusu dakika. Waombeni eksirei ya nyonga zote mbili, na ya magoti akiwa amesimama, maana akilala uzito haupo na nafasi ya gegedu, ile nyama laini inayotenganisha mifupa, huonekana kubwa kuliko ilivyo.

Jambo jingine: kama kuna mtu anapendekeza sindano ya kutuliza uvimbe ndani ya goti au nyonga wakati mnasubiri, mwambieni kuna upasuaji njiani. Sindano ya steroidi ndani ya miezi 3 kabla ya kuweka kiungo bandia huongeza hatari ya vijidudu, na kiungo bandia kikiingia vijidudu ni mateso ya muda mrefu. Sukari nayo ni hivyo hivyo. Omba kipimo kile cha sukari ya miezi 3, cha asubuhi moja hakitoshi.

Mkulima Mafinga

Kamwene. Nitakwenda kinyume kidogo na mnisamehe.

Baba yangu alikuwa na miaka 78, aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Hospitali ilisema apasuliwe mara moja. Sisi watoto tukaanza vikao. Mmoja anataka Dar, mmoja anataka Moshi, mmoja kaleta mtaalamu wa kuunga mifupa na vijiti vyake. Siku 19 mzee amelala chali. Vidonda vya mgongoni vikaanza, kifua kikafuata, tukamzika. Kila ninaposoma "tutafute maoni ya pili" moyo unaniuma. Muangalie sana muda.

Nesi Makambako

Pole sana ndugu yangu wa Mafinga, na ahsante kwa kulisema hili, maana wasomaji wengine watachukua ushauri wetu na kuupeleka pasipo pake.

Mfupa wa nyonga uliovunjika kwa mzee unatakiwa kushughulikiwa ndani ya siku 1 au 2. Mfupa uliotoboa ngozi hausubiri. Mtu wa mgongo anayeanza kushindwa kuzuia mkojo, au kufa ganzi katikati ya mapaja, hasubiri hata usiku mmoja. Mtoto mwenye homa na kiungo cha moto asichotaka kiguswe, hivyo hivyo. Hao wakimbizwe, na ushauri wa pili utolewe na daktari wa zamu pale pale.

Mama wa Busokelo goti lake lina miaka 4. Wiki 2 za kuuliza hazitamdhuru. Miezi 8 ya vikao vya ukoo itamdhuru.

Abiria wa Kitonga

Kuhusu wapi: ulizia kwanza bingwa mwingine hapo hapo Mbeya, kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Watu wengi wa Nyanda za Juu huenda pia Ikonda, Makete. Mbali zaidi kuna Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ile MOI, na KCMC Moshi. Piga simu kabla ya safari ujue siku ya kliniki ya bingwa, na uulize watu wa bima kama rufaa yako inakubalika huko na kama kiungo chenyewe kinalipiwa. Nimeona watu wanafika na kadi mkononi, wanaambiwa kitanda kinalipiwa, chuma hakilipiwi.

Mkienda Dar kwa basi ni kilomita zaidi ya 800. Mkalishe kiti cha njiani, mguu uwe na pa kunyooka, na kila basi likisimama ashuke atembee kidogo. Damu hupenda kuganda kwenye miguu iliyokaa muda mrefu.

Mwana wa Busokelo

Wakuu, narudi na mrejesho. Zimepita siku 12.

Nilirudi kwa daktari wa kwanza nikasema maneno ya Nesi yalivyo, mikono inatetemeka. Akanisikiliza, akavuta karatasi akaandika barua ukurasa mzima. Alichoniuliza ni kimoja tu, tunaenda lini.

Daktari wa pili alianza kwa kumwambia mama avue viatu atembee koridoni, aende na kurudi. Kisha akamlaza, akakunja mguu, akauzungusha kidogo tu. Mama alipiga yowe na mkono wake ukaenda kinenani wenyewe, siyo kwenye goti. Picha mpya zikapigwa. Goti kweli limesagika, ila kwa kiasi. Nyonga ya kulia ndiyo imekwisha, ule mduara wa juu wa paja umekuwa kama kiazi. Alisema goti peke yake lingebadilishwa, sehemu kubwa ya maumivu ingebaki. Ataanza na nyonga, goti litaangaliwa baadaye. Na hataanza mpaka sukari ishuke, amempa miezi 2. Alimpigia yule wa kwanza mbele yetu, wakaongea vizuri, na huyo wa kwanza akaomba atumiwe picha.

Halafu akatoa nyonga ya mfano kwenye droo akampa mama aishike. Mama akakizungusha kile kidude ndani ya kikombe chake kwa muda mrefu, hakuna aliyemharakisha. Akauliza swali lake la kwanza tangu tuanze kuzunguka hospitali: "Nitaweza kuchuchumaa?" Daktari akamwambia ukweli, kwamba kuchuchumaa sana na kukalia kigoda kifupi, hasa miezi ya mwanzo, kunaweza kuchomoa nyonga. Mama akanigeukia: "Choo cha nyumbani je?"

Fizio, Nesi, ndaga fijo. Mkulima wa Mafinga, nimemwombea baba yako. Kaka ameshatuma hela ya choo cha kukaa, fundi anaanza Jumatatu.