Mjadala: Je, serikali inayofadhili ugaidi ilipwe kwa noti?

Mwezi Januari 2016 Marekani iliipelekea Iran kwa ndege ya mizigo noti za yuro, faranga za Uswisi na sarafu nyingine, zote zikiwa na thamani ya dola milioni 400. Lilikuwa deni halali: serikali ya Shah, mfalme wa Iran, ilikwisha kulipia silaha ambazo, baada ya mapinduzi ya 1979, hazikupelekwa, na shauri likakaa kwenye mahakama ya usuluhishi kati ya Iran na Marekani iliyoko The Hague kwa zaidi ya miaka 30. Riba ya dola bilioni 1.3 ilifuata baadaye kidogo, nayo kwa noti. Septemba mwaka huo Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kuzuia malipo ya namna hiyo, ingawa haukufikia kuwa sheria.

Mimi naunga mkono marufuku ya noti, siungi mkono marufuku ya kulipa deni. Rais Obama alijitetea kwamba vikwazo vilikuwa vimekata uhusiano wa kibenki, hivyo hapakuwa na njia nyingine. Lakini Aprili mwaka huohuo Iran ililipwa mamilioni ya dola kwa maji mazito, yanayotumika katika baadhi ya vinu vya nyuklia, ambayo Marekani iliyanunua kwake, na malipo hayo yalipita benki. Njia ilikuwapo, basi.

Wapo wanaosema fedha ni fedha, kwamba hata zikipita benki zitaiachia Tehran nafasi ya kuhamishia nyingine kwa Hezbollah, kundi la Lebanon ambalo Marekani inaliita la kigaidi. Hoja hiyo ni nzito, ila haiondoi tofauti kati ya muamala unaoacha kumbukumbu na boksi la noti ambalo likishafunguliwa hakuna awezaye kulifuatilia. Sudan ilipolipa dola milioni 335 kwa ajili ya wahanga wa mashambulizi, yakiwemo ya Nairobi na Dar es Salaam ya 1998, fedha ziliwekwa kwenye akaunti ya amana mpaka masharti ya kisheria yakamilike. Kwa nini utaratibu kama huo usitumike kwa malipo yanayotoka Marekani kwenda kwa serikali za aina hiyo?

Ugumu ninaoukubali ni wa wakati: Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikiri kuwa zile milioni 400 zilizuiliwa mpaka wafungwa Wamarekani waondoke Iran, na hapo, kama malipo yalikuwa kikombozi cha wafungwa, yangebaki kikombozi hata yangepita benki.

Wanaotaka marufuku kamili watujibu: The Hague ikiiamuru Marekani ilipe, wataikaidi hukumu?