Brasi inatoka pinki nikiiosha, shida ni gani?

bangili_kibera: Wasee habari. Mi hutengeneza bangili na heleni hapa Kibera, brasi natoa kwa skrapu, mifereji mizee na makufuli. Nikishachoma zinatoka nyeusi tii so naloweka kwa ndimu na chumvi usiku mzima, sasa zingine zinatoka pinki na ukisugua haiishi. Kastoma anataka ing'ae kama dhahabu. Ni asidi ama ni skrapu mbaya?

fundi_kariobangi: Usiku mzima?? Punguza boss. Brasi ni shaba na zinki, asidi ikikaa sana inatoa zinki kwanza, juu inabaki shaba tupu ndio hiyo pinki. Nunua asidi ya sitriki ya unga, kijiko kikubwa kwa lita ya maji moto, dakika kumi hivi unatoa, unasuuza kwa maji yenye magadi kidogo alafu maji safi na unapanguza hapo hapo. Na unatoa na koleo ya chuma? Chuma ikiingia kwa asidi imeshatumika, shaba iliyoyeyuka inakuja kushika kwa bangili, tumia ya mbao. Zile zimeshaharibika piga msasa.

wanjeri_heleni: Na usidanganywe uloweke kwa amonia eti inang'arisha haraka. Bangili imepindwa iko na mkazo ndani, amonia inaipasua. Waingereza wakiwa India maganda yao ya risasi, brasi ya shaba asilimia 70 na zinki 30, yalikuwa yanapasuka stoo msimu wa mvua, kumbe ni amonia ya mkojo wa farasi kutoka zizi la karibu! Watafiti walikuja kueleza hiyo 1921.

bangili_kibera: Eish farasi tena 😂 Asanteni. Na kung'arisha nyingi pamoja bila kusugua moja moja?

fundi_kariobangi: Gunzi la mahindi. Wazungu wanaojaza risasi upya wanasafisha maganda hivyo, gunzi limekaushwa likasagwa, unaweka na bangili kwa ndoo yenye kifuniko inazungushwa na mota masaa kadhaa, ukiongeza polishi kidogo ndio tamu. Sisi tunachoma magunzi kwa jiko.

bangili_kibera: Mota ya mashine ya kufua inaweza?

fundi_kariobangi: Inaweza but weka puli kubwa upande wa ndoo, ndogo kwa mota, ndio izunguke polepole; ikienda mbio vitu vinagandamana kwa ukuta wa ndoo na havisuguani. Na ukifungua vaa maski, hiyo vumbi si poa.