Naomba ushauri: mpangilio wa tungamo za nyutrino kwenye hesabu za JUNO

Habari za jioni wakuu. Tuko Arusha, kikundi kidogo cha fizikia, tunachora kwa Python uwezekano wa antinyutrino (chembe nyepesi mno zinazobadilika aina zikisafiri) za kinu cha nyuklia kubaki aina ileile baada ya kilomita 53, umbali wa JUNO, kigunduzi cha nyutrino kule China.

Tumeweka Δm²21 = 7.5×10⁻⁵ eV², sin²θ12 = 0.307, sin²2θ13 = 0.085 (Δm² ni tofauti ya miraba ya tungamo mbili, θ ni pembe za mchanganyiko). Mpangilio wa kawaida (tungamo ya tatu ndiyo nzito zaidi) Δm²31 ni +2.5×10⁻³, wa kinyume (ya tatu ndiyo nyepesi zaidi) tumegeuza alama tu. Hapo ndipo tumekwama: mistari miwili inaachana, kati ya nishati za 2 na 4 MeV vilele vya mmoja vinasogea kidogo kutoka vya mwingine. Tofauti hiyo inatutia shaka. Kugeuza alama kumebadilisha ukubwa wa Δm²32 kutoka 2.425 hadi 2.575×10⁻³, kwa hiyo huenda tunaona kosa letu, siyo mpangilio.

Tumepunguza hatua ya nishati kutoka 0.05 hadi 0.005 MeV (mawimbi yana upana wa takriban 0.17 MeV pale kwenye 3 MeV), tukaongeza ukungu wa kipimo (kutokuwa na uhakika wa nishati inayopimwa) wa 3% kwa 1 MeV. Tofauti bado ipo.

Maswali:
1. Tukilinganisha, tushikilie nini: |Δm²31|, |Δm²32|, au wastani cos²θ12·Δm²31 + sin²θ12·Δm²32?
2. Tukishikilia wastani, kosa la mizani ya nishati lisilo la mstari mnyoofu mnaliingizaje kwenye hesabu?

Natanguliza shukrani.