Waganda wa Missenyi walihamia, au mpaka uliwakuta?

Msafiri78
Wakuu, heshima kwenu. Nimehamishiwa kikazi wilaya ya Missenyi, mkoani Kagera mpakani na Uganda, na sasa niko Minziro. Nyumba nyingi hapa wanaongea Kiganda. Jamaa mmoja kaniambia hawa walivuka wakati wa vita ya Amin wakabaki. Mbona wazee wana makaburi ya babu zao humo humo migombani? Wenye historia naomba mnieleweshe.

Omuziba
Mkuu, huyo jamaa kakupotosha. Mimi ni Mziba, mtu wa Kiziba, ufalme wa zamani wa Wahaya huku Kagera, na bibi yangu mzaa mama alitoka Buddu, upande wa Masaka, Uganda. Aliolewa huku bila kuonyesha karatasi kwa mtu yeyote.

Karne ya 18 Kabaka Junju aliiteka Buddu kutoka Bunyoro, Buganda ikawa jirani wa Kiziba. Watu wakaoana, wakahamahama na ng'ombe wao, na Kiganda kikazoeleka. Mwaka 1890 Mwingereza na Mjerumani wakagawana nchi kwa mstari wa latitudo ya nyuzi 1 kusini. Mto hawakuujali. Kagera unashuka kusini ya mstari huo, unapita Kyaka, halafu unapanda tena na kumwaga maji ziwani upande wa Uganda. Kipande kilichobaki katikati, takriban kilometa za mraba 1,800, ndiko uliko wewe. Watu walikuwa wanalima hapo tayari.

Bibi alipoolewa, Tanganyika nayo ilishakuwa chini ya Mwingereza. Shilingi ilikuwa moja ya Afrika Mashariki, na kuvuka kwenda kuvuna kahawa au pamba ya Waganda ni jambo la kawaida kabisa.

Kahawa_Chungu
Lakini Amin si alidai mto ndio mpaka halali? Na wapo waliohamia kweli, tusifiche.

Omuziba
Wapo, ndugu yangu. Kuanzia miaka ya 1920 vibarua wengi wa Rwanda na Burundi walipita huku kwenda mashamba ya Buganda, na baadhi yao waliishia Kagera. Hao ni habari nyingine.

Dai la Amin ndilo linaloniuma. Oktoba 1978 majeshi yake yaliingia, akatangaza ardhi yote hadi mtoni ni ya Uganda, na mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa. Watu wa huku, wenye kuongea Kiganda wakiwemo, walikimbilia kusini, ndani ya Tanzania. Nyumba zao ziliporwa, mifugo ikaswagwa kwenda Uganda. Walionusurika walirudi kufufua mashamba yao. Sasa leo mtu anasema hao ndio walivuka na Amin! Walimkimbia.

Na maneno hayo yana madhara. Binamu yangu alipoomba kitambulisho alidaiwa cheti cha kuzaliwa cha babu yake, kwa sababu ya lafudhi tu. Babu gani wa kijijini alikuwa na cheti enzi zile?

Msafiri78
Nimekuelewa, mkuu. Sasa nikitaka kujua mtu ni wa huku tangu zamani niulize nini?

Omuziba
Muulize ukoo wake na muziro wake (mnyama au kitu ambacho ukoo huo ni mwiko kukila), kisha babu yake kazikwa wapi. Lugha iache. Akishakuzoea atakupeleka mwenyewe makaburini, na atakutajia majina kurudi nyuma kuliko huo mwaka 1890.