Chanjo ya kipindupindu tena, au kwanza maji?

Mwanzisha mada, Chake: Jana barazani petu watu nusura washikane. Mmoja anasema utafiti wa vijidudu kwenye maabara ya Wawi, hapa Pemba, ni kula pesa za wafadhili tu, kipindupindu dawa yake maji safi na choo. Mimi simo humo, na sababu yangu hii.

Kinachomaliza mtu ni sumu anayoitema yule mdudu wa kipindupindu, yaani bakteria wake. Sumu yenyewe ni protini: kipande kimoja kinaitwa A, vitano vinaitwa B. Vile vitano hunasa kwenye ukuta wa utumbo, kile kimoja kikaingia ndani na kuzifanya seli zimwage maji na chumvi. Ndiyo unaona mtu anaharisha kama maji ya mchele, mara macho yameingia ndani. Lakini B peke yake haidhuru. Wataalamu wakaitoa, wakaichanganya na wadudu waliokwishauliwa, ikawa chanjo ya kunywa. Mwanzoni mwa 2009 watu karibu 24,000 wa Unguja na Pemba walikunywa dozi zote mbili. Mlipuko ulipokuja, iliwakinga kwa asilimia 79. Hata wasioinywa, waliozungukwa na walioinywa, nao walipata kinga kiasi. Bomba gani lilifanya hivyo?

Wa Wete: Hesabu sikatai, ami. Ila waliomaliza dozi ni kama nusu tu ya waliokusudiwa, na kinga yake si ya maisha. 2015 maradhi yakarudi, yakaingia mpaka 2016. Kwetu masika yakipiga karo za vyoo zinafurika, na kisima kiko pale pale chini yake. Unatuletea kikombe cha chanjo!

Mgeni wa mada: Samahanini, mimi nauliza tu. Nimesikia sumu hiyo mdudu kapewa na virusi. Kweli?

Mwanzisha mada: Kweli. 1996 Waldor na Mekalanos, Marekani, walionesha kuwa jeni ya sumu, yaani maelekezo ya kuitengeneza, hubebwa na virusi vinavyomwingia bakteria. Mdudu asiyeipata jeni hiyo anaweza kuwamo majini na asilete kipindupindu. Kwa macho huwezi kuwatenganisha. Maabara inaweza.

Muuza juisi ya miwa, Mjini: Hapo ndipo panaponihusu. Mlipuko ukitangazwa tunafungiwa biashara sote, msafi na mchafu, na watoto wa skuli nyumbani wanataka kula. Kama kipimo kipo, nipimiwe maji yangu, nisifungwe kwa ajili ya jirani.

Wa Wete: Nakuunga mkono, dada yangu. Lakini hebu tuambie, maji ya kuoshea glasi unachota wapi?

Muuza juisi: Bombani. Likitoa.

Wa Wete: Na lisipotoa?

Muuza juisi: Tangu Jumamosi halijatoa. Nachota kisima cha msikitini, natia dawa, vidonge ninavyo. Bado nataka kupimiwa.