Majirani wa Mtaa: Kuwinda na Kuokota

Mama Akello: Shikamooni wazee. Watoto wa P.4 (darasa la nne) wameulizwa tofauti ya kuwinda na kuokota chakula porini. Wengi wameandika wanaume waliwinda, wanawake waliokota, basi. Inatosha?

Mzee Otim: Marahaba mama. Haitoshi. Tofauti kubwa ni uhakika. Anayechimba viazi anajua shina liko wapi. Mwindaji hajui mnyama ataamkia wapi. Wahadza, watu wanaoishi kwa kuwinda na kuokota karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, walipofuatwa na watafiti miaka ya 1980, mwindaji alipata mnyama mkubwa mara moja hivi katika siku 30.

Baba Kato: Na mshale wa sumu haumwangushi papo hapo. Ukimkimbilia, anatokomea. Unatulia kwanza, ndipo unafuata damu na majani yaliyovunjika. Ukichelewa, fisi wamekutangulia.

Mzee Otim: Hilo la wanaume peke yao nalo si kweli. Wambuti, watu wa msitu wa Ituri, hapo ng'ambo ya mpaka Kongo, huunganisha nyavu zao nusu duara, wanawake na watoto wakiswaga wanyama kwa kelele. Wavu usipogusa ardhi, funo, yule paa mdogo wa msituni, anapenya chini.

Mama Akello: Na kuokota? Watoto wanadhani ni kuinama tu.

Shangazi Birungi: Loo, hapo ndipo penye elimu! Kiazi kikuu cha mwituni unakitafuta kwa mtambaa wake, na kiangazi umekauka, umebaki kama uzi. Unaufuata hadi unapoingia ardhini, halafu unachimba kwa muo (kijiti kilichochongoka) kutoka UBAVUNI. Ukichimba juu yake unakikata, nusu inabaki shimoni. Kile kichwa chenye mtambaa kiache, ufukie, mvua zikija kinachipua tena.

Shangazi Birungi: Vile viazi vikuu vichungu vina sumu ya mishipa ya fahamu. Vinamenywa, vinakatwa vyembamba, vinalowekwa siku kadhaa maji yakibadilishwa, kisha vinachemshwa. Vipande vinene sumu haitoki katikati, mtu anaweza kupata degedege. Watoto wasijaribu kabisa!

Mama Akello: Asante shangazi. Mgawanyo je?

Mzee Otim: Mnyama mkubwa ni wa kambi nzima, maana nyama haikai, na kesho huenda mwindaji mwingine ndiye atakayepata. Viazi vingi huishia jikoni kwa aliyevichimba.

Baba Kato: Waandike na Watwa, watu wa misitu ya kusini-magharibi mwa Uganda. Misitu ya Bwindi na Mgahinga ilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991 walitolewa msituni, wakakosa vyote viwili: nyama na viazi, hata asali.

Shangazi Birungi: Na asali watoto waiweke wapi, mawindo au maokoto? Nyuki hawakimbii, ila wanauma 🐝

Mzee Otim: Maokoto, dada. Mzinga haujifichi kila siku mahali papya.